Asilimia Tisini na Tisa ya Nani?

Kessler Run, West Virginia
2 Februari 2025

Mwanangu Tressa,

Salamu kutoka kwenye theluji. Mimi sijambo, ila nyonga inanisumbua nikishuka ngazi, na kuna kondoo jike mmoja ananitazama kwa jicho baya tangu nimtenge na wenzake. Wewe hujambo huko Columbus? Bado unakesha kwenye ambulensi? Kula vizuri, usiishi kwa kahawa.

Nakuandikia kwa sababu huku simu za mkononi hazishiki na ile ya ukutani sikio langu haliiwezi tena. Nusu ya maneno yako siyasikii, nusu nyingine unasema haraka kama dalali wa mnada.

Humu ndani nimekukunjia gazeti la kaunti. Fungua ukurasa wa tatu. Wewe huyo! "Binti wa Arbogast kusomea udaktari nyumbani." Taarifa tulipeleka mimi na Wendell Propst mwenyewe, mkuu wa chuo. Picha ni ile ya harusi ya binamu yako, binamu nimemkata kwa mkasi. Mchungaji aliisoma kanisani, watu wakapiga makofi, kina mama wakaoka keki. Mimi machozi yalinitoka nikajifanya napenga kamasi.

Dakika arobaini tu kutoka mlangoni kwetu, Tressa. Chumba chako nimeshakipaka rangi. Na Wendell anasema asilimia tisini na tisa ya wanaomaliza pale wanapata nafasi za mafunzo hospitalini. Tisini na tisa! Hata jua halichomozi huku kwa uhakika huo.

Hongera, mama. Umenitoa kimasomaso.

Baba yako,
Royce


Columbus, Ohio
9 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Natumai nyonga imepoa kidogo na kondoo wako salama. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo unachemka.

Nani alikwambia nimekubali? Nilikwambia nimepokelewa. Nimepokelewa na vyuo viwili, cha Wendell na kile cha Michigan, na nina hadi tarehe 15 Aprili kuchagua. Wewe umeniozesha kabla sijaulizwa kama mchumba namtaka, ukatangaza gazetini, ukala na keki. Sasa nikisema hapana, kaunti nzima itasema binti wa Royce ana maringo.

Nisikilize vizuri, maana hapa sisemi haraka. Vyuo vyote viwili ni vya osteopathia, udaktari unaotibu pia kwa kunyoosha mwili kwa mikono. Siukimbii udaktari wa mikono. Mgongo wako ulinyooshwa na mikono hiyo na mimi nilikuwa mtoto mlangoni nikitazama. Shida si jina la shahada. Shida ni kinachofuata. Ukimaliza miaka minne ya chuo bado hujawa mtu. Lazima hospitali ikuchukue kwa miaka mitatu au zaidi ya mafunzo. Kila Machi wanafunzi wa nchi nzima hupangiwa hospitali, na asiyepangiwa hubaki na deni, joho na picha ya mahafali.

Kwa hiyo nimemwandikia Wendell. Nimemuuliza: walioanza na kumaliza kwa wakati ni wangapi? Mtihani wa leseni wangapi wanapita mara ya kwanza? Katika hiyo tisini na tisa, wangapi wamepata nafasi kamili, na wangapi wamepewa nafasi ya mwaka mmoja isiyoelekea popote? Mwaka wa tatu na wa nne, wanafunzi wanajifunzia kwenye hospitali ipi? Michigan walinijibu kwa siku mbili, majedwali kurasa sita, hata mabaya yao wameyaandika. Wendell alinitumia kipeperushi chenye picha ya mlima.

Baba, wewe huwezi kununua mbuzi kwenye gunia. Kwa nini unaninunulia mimi?

Mwanao,
Tressa


Kessler Run
16 Februari 2025

Tressa,

Marahaba. Mimi mzima. Salamu zimekwisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama. Yaani unamwita Wendell Propst mwongo? Mtu niliyesoma naye darasa moja, tukatupwa nje siku moja kwa kosa moja? Mtu aliyeacha pesa za mjini akarudi milimani kufungua chuo kwenye jengo ambalo lingekuwa mabanda ya popo? Kaunti hii ilikaa miaka kumi na moja bila daktari wa kudumu. Kumi na moja! Yeye ameleta chuo kizima, na wewe unamtumia karatasi ya maswali kama afisa wa kodi.

Mambo ya majedwali umeyapata wapi? Huko mjini? Mtu hujulikana kwa uso wake na kwa mkono wake ukiushika. Nimeushika mkono wa Wendell miaka hamsini.

Na nikuulize na mimi. Michigan ni saa kumi kwa gari kama hakuna theluji. Nikianguka zizini, majedwali yako yataniinua?

Keki haikuwa kosa. Watu walikuwa na furaha. Wewe ndiye umeigeuza kuwa matanga.

Baba yako


Columbus
22 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. U hali gani, sitauliza, maana nimeshajua: umekasirika. Basi tuko wawili.

Sasa umesema kweli. Si chuo. Si Wendell. Ni zizi. Wewe hutafuti daktari, unatafuta mtu wa kukuvua viatu jioni. Ungesema hivyo tangu mwanzo ningekuheshimu zaidi. Badala yake unanifunika kwa bendera ya kaunti.

Juzi nilimbeba mama mmoja kwenye ambulensi, na dereva wangu wa siku hiyo, Ansel, ni daktari. Daktari kabisa, Baba, wa chuo kipya kama cha Wendell, mahali pengine. Hakupangiwa hospitali mara mbili mfululizo. Anaendesha gari. Tulipomshusha yule mama akaniambia alijua tatizo lake tangu mlangoni ila hana ruhusa ya kulitaja. Hebu ishi na hilo kila siku.

Kama unaniona mjinga wa majedwali, nenda kamuulize rafiki yako wewe mwenyewe. Maswali yangu unayo. Umehesabu kondoo miaka arobaini, hakuna anayeweza kukudanganya kwa namba ukiamua kusikiliza. Usipoamua, basi.

Mwanao,
Tressa


Columbus
16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu hakuna barua. Simu inaita mpaka inachoka. Nimempigia mama wa posta, anasema umeonekana, unatembea, unanunua unga wa ngano nyeusi na hutaki kusema na mtu. Ahsante Mungu kwa hilo.

Najua ni msimu wa kuzaa kondoo. Lakini mtu anayezalisha kondoo anaweza kuandika neno moja, "mzima", akabandika stempu.

Niliyosema kuhusu viatu, namna nilivyoyasema ilikuwa mbaya. Yenyewe siyafuti. Nimebakiwa na mwezi mmoja wa kuamua, na sitaki kuamua nikiwa sijui kama bado nina baba anayezungumza nami.

Jibu, hata kwa matusi.

Tressa wako


Kessler Run
6 Aprili 2025

Mwanangu Tressa,

Marahaba. Mimi mzima. Wana-kondoo wamezaliwa mia moja themanini na wanne, wamekufa kumi na mmoja, na wote nimewaandika, waliokufa pia. Kumbuka hilo, maana ndilo lililonifanya ninyamaze.

Nilienda kwa Wendell tarehe 24 Februari, kwa hasira uliyonitia. Nilitaka nirudi na majibu nikutupie usoni. Nilivaa koti la kanisani. Akanikaribisha ofisini, akanipa kahawa, tukacheka kidogo habari za zamani. Kisha nikaitoa barua yako.

Nikamwambia, "Wendell, wale wa kwanza kabisa, mliwapokea wangapi?"

"Mia moja sitini na wawili. Fahari ya milima hii, Royce."

"Waliomaliza kwa miaka minne?"

Akavua miwani, akaanza kuifuta. "Swali hilo lina mambo mengi ndani yake."

"Lina namba moja tu."

"Mia moja na kumi na tisa."

"Na wale arobaini na watatu?"

"Wengine wanarudia mwaka. Wengine wamesimama. Maisha, Royce. Mtihani ni mgumu."

"Sasa hiyo tisini na tisa yako, unaihesabu kwenye mia sitini na wawili au kwenye mia na kumi na tisa?"

"Kwenye waliomaliza na kuomba. Vyuo vingi vinahesabu hivyo."

Tressa, nilicheka. Sikukusudia. Nikamwambia, "Kwa hesabu hiyo mimi sijawahi kufiwa na mwana-kondoo hata mmoja. Wote niliowafikisha mnadani, walifika mnadani!"

Yeye hakucheka. Nikamuuliza la nafasi za mwaka mmoja. Akasema nafasi ni nafasi. Nikamwambia nipe namba. Akasema, "Tangu lini Royce Arbogast anajua mambo ya upangaji wa hospitali?" Kwa sauti ile, unaijua, ya kumsemesha mtu aliyekuja kuzibua choo. Miaka hamsini sijawahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

Nikatoka. Kwenye ukumbi wao wameweka picha za wahitimu ukutani, kila mmoja na fani aliyopangiwa. Nikamwona Corrie Vandevender, binti wa pale juu kwenye daraja, mliyekuwa mnapanda naye basi la shule. Chini yake wameandika kwa dhahabu: Upasuaji. Nikasema, huyu hapa! Huyu ni mpasuaji! Nikafurahi tena, mjinga mimi, nikajua nimepata cha kukutupia.

Kumbe mpasuaji yupo duka la vyakula vya mifugo. Nilimkuta siku tatu baadaye, nilipofuata chumvi. Anapakia magunia.

"Mzee Royce, unataka ya kawaida au ya madini?"

"Nataka kujua unafanya nini hapa, daktari."

Akatazama mlangoni haraka. "Usiniite hivyo mbele ya watu. Mama amewaambia niko likizo."

"Likizo tangu lini?"

"Tangu Julai."

Tulikaa kwenye magunia. Alinieleza taratibu, kama wewe ungenieleza kama ningekuwa nasikiliza. Alipewa mwaka mmoja wa upasuaji kwenye hospitali ya Ohio. Wanawachukua wengi mwaka wa kwanza kwa kazi za mbio, halafu mlango unakuwa mwembamba. Mwaka ulipoisha wakamshukuru. Kuomba tena, ameomba mara mbili. Mwaka wa tatu wa chuo, wakati wenzake wa vyuo vingine wanashinda wodini, yeye alitumwa kumfuata daktari mmoja wa ngozi ndani ya jengo la maduka, jirani na duka la viatu. Aliniambia, "Sikuwahi kufanya kazi na daktari aliye kwenye mafunzo hata siku moja. Nilipoomba nafasi, nani angeniandikia barua ya kunipendekeza? Yule wa ngozi? Leseni ningeweza kuhangaika nikaipata, lakini hakuna hospitali itakayoniajiri mafunzo yakiwa nusu njia."

Anazo namba zote. Wahitimu walizikusanya wenyewe. Katika wale mia moja na kumi na wanane waliopangiwa, ishirini na mmoja ni wa mwaka mmoja kama yeye. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya chumvi. Walioingia mia moja sitini na wawili. Waliotoka kwa wakati wakiwa na nafasi kamili, tisini na saba. Hiyo ni asilimia sitini, Tressa. Ningekuwa na zizi la namna hiyo ningeuza shamba.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipokamata kalamu nilikuwa na hasira na mtu tofauti. Na Wendell kwanza. Kisha na mamake Corrie, anayemficha binti yake kama mwizi wakati aliyeibiwa ni yeye. Kisha na wewe, kwa kuwa ulikuwa sahihi na bado ukaniambia lile la viatu. Kisha na mimi.

La viatu ni kweli. Si lote, ila ni kweli. Nilikuwa natabasamu nikipaka rangi kile chumba, na sikuwa nafikiria wagonjwa wa kaunti.

Lakini Michigan sijaikubali. Usidhani nimeikubali.

Baba yako


Columbus
13 Aprili 2025

Shikamoo Baba,

Pole kwa wale kumi na mmoja, na hongera kwa waliobaki. Mimi ni mzima. Barua yako niliisoma kituoni, Ansel akaniuliza kama kuna msiba.

Jana nimetia sahihi. Michigan.

Nilitegemea nitafurahi. Nilifurahi kama dakika mbili, halafu hasira ikarudi, na safari hii si yako. Corrie alikuwa anashinda mashindano ya hesabu ya jimbo, unakumbuka? Mimi nilikuwa nanakili kazi zake kwenye basi. Kama yeye amekwama, mimi ningepona vipi? Kwa akili gani? Tofauti yetu ni kwamba alikwenda mwanzo, kabla hajapatikana mtu wa kuulizwa. Alikuwa ndiye jedwali langu.

Na bado nina neno nawe. Umeandika kurasa nne, ukamhurumia Corrie, ukamlaani Wendell, ukajilaani mwenyewe. Hakuna mahali uliposema "nisamehe, mwanangu, kwa lile gazeti". Niliangalia hata nyuma ya karatasi. Watu wanaendelea kunitumia kadi za pongezi za kurudi nyumbani. Shangazi amenifumia sweta lenye nembo ya chuo. Nani atawaambia? Mimi sikutangaza, mimi sitakanusha.

Kuhusu viatu: nisamehe. Ona, halina uzito, linaandikika.

Nyonga ikatazamwe na daktari. Si Wendell.

Mwanao,
Tressa


Kessler Run
4 Mei 2025

Mwanangu Tressa,

Marahaba. Mimi mzima, nyonga itapasuliwa Oktoba baada ya mnada, nimeshaandikishwa hospitali ya Elkins. Corrie amenisimamia mpaka nikajaza fomu. Nitakueleza.

Ulisema utangazaji ni wangu na kukanusha ni kwangu. Haki. Nikaenda gazetini. Yule kijana mhariri akasema hawaandiki habari za mtu kutokwenda mahali. Nikamwambia mliandika kwenda kwake bila kumuuliza. Akasema labda chini ya matangazo ya trekta. Nikamwacha.

Basi Jumamosi ya tarehe 26 chuo kilifanya siku ya kuwapokea wapya na wazazi wao, kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Mimi kadi ya mwaliko ninayo, kama baba yako. Nikaenda. Niliingia na Corrie. Sikumlazimisha. Nilimwambia tu naenda, akavua aproni.

Kulikuwa na meza za mikate iliyojazwa soseji ya pepperoni na keki, na watoto, Tressa, watoto wa watu, wenye nyuso zilizong'aa kama yako siku ile uliponipigia. Wendell akapanda jukwaani. Milima. Huduma. Fahari. Tisini na tisa. Wakapiga makofi. Nikasimama.

Nikasema, "Tisini na tisa ya nani?"

Akanitambua. "Royce, maswali ni baadaye. Kaa chini, ndugu yangu."

"Nimekaa tangu Februari. Waambie mliwapokea wangapi."

"Hapa si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi? Duka la chumvi?"

Watu walicheka, wakadhani mimi ni mzee mlevi. Sikio hili lilikuwa halinisaidii, sikujua kama napiga kelele au nanong'ona. Nikasahau namba. Nakuapia, zote zilinitoka, nimesimama na kofia mkononi kama mtoto aliyesahau shairi.

Corrie akasimama pembeni yangu. Yeye hakupiga kelele. Alisema, "Naitwa Daktari Corrie Vandevender. Picha yangu iko ukutani pale nje. Napakia magunia kwenye duka la mifugo, saa saba hadi jioni, mnakaribishwa mje mniulize." Kisha akazisema namba, moja moja, mia sitini na mbili mpaka tisini na saba, bila karatasi. Mama yake alikuwa amesimama nyuma, karibu na keki. Aliitwa kuja kuhudumia. Ndipo alipojua kuwa watu wote wamejua, na unajua alifanya nini? Aliweka kisu chini, akaja akasimama na sisi.

Usifikiri ukumbi ulilipuka. Familia tano zilitoka. Waliobaki walikula. Baba mmoja alinifuata uwanjani akaniambia nimemharibia binti yake siku. Nikamwambia pole, na nilikuwa nasema kweli. Binti mwenyewe alibaki nyuma yake, akaandika kitu kwenye kiganja.

Wendell alikuja kwenye gari langu. Alisema, "Miaka hamsini, Royce." Nikamwambia, "Weka sawa maandishi ya picha ya Corrie, halafu tuhesabu upya." Akaondoka. Jumapili alikaa upande wa pili wa kanisa. Nimempoteza, Tressa, na siwezi kukudanganya kwamba hainiumi. Alikuwa rafiki yangu, na chuo kile alikijenga kwa mapenzi, hilo bado naliamini, ndiyo maana namkasirikia zaidi kuliko ningemkasirikia mwizi.

Hapo kanisani nilisimama wakati wa matangazo. Nikasema, "Binti yangu haji hapa. Nilitangaza bila kumuuliza. Amechagua Michigan na amechagua vizuri kuliko ambavyo ningemchagulia." Nikakaa. Shangazi yako analia kwa ajili ya sweta. Atalifumua.

Na sasa kwako. Nisamehe, mwanangu, kwa lile gazeti. Umeona, nimeandika. Ilinichukua kalamu mbili.

Corrie anakuja jioni tatu kwa wiki. Ananisaidia na kondoo, mimi nampikia maharage na mkate wa mahindi, kisha anafungua karatasi zake mezani anaandika maombi ya mwaka ujao, ya daktari wa familia safari hii. Yule daktari wa Elkins atakayenipasua amekubali Corrie awe anashinda wodini kwake bila malipo, ili apatikane mtu wa kumwandikia barua yenye maana. Haijulikani kama itafaa. Nasikia kwa aliyekwama mara mbili ni ngumu. Anaandika tu.

Nenda Michigan. Sijaacha kukasirika. Nina hasira ya kutosha mpaka wakati wa kuvuna nyasi, na nyingine ni kwa sababu chumba kinanukia rangi na hakuna wa kulala humo. Lakini usije ukaniaga kwa simu, maana sitasikia. Wala kwa barua, maana utanishinda kwa maneno. Njoo mwenyewe, Julai kabla hujaondoka, ukae siku tatu, nikugombeze vizuri, uso kwa uso, kama baba.

Baba yako,
Royce